Marafiki Walijua Kwanza: Kisa cha Msichana wa Kidato cha Pili Aliyeugua Sonona

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya kutwa, ya serikali, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha wa shule hiyo, kazi niliyoifanya sambamba na kufundisha Kiswahili. Majina yote ni ya kubuni, na baadhi ya mambo ambayo yangemtambulisha mhusika yamebadilishwa au kuondolewa. Binti mwenyewe na baba yake waliridhia kiandikwe. Binti aliisoma rasimu, akanitaka nifute mambo mawili, nami nikayafuta.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa tunauita sonona, na ndugu zetu wa Kenya wengi wanauita unyogovu. Si huzuni ya siku mbili tatu. Wataalamu wanazungumzia hali inayodumu angalau wiki mbili, karibu kila siku, ambapo mtu huvunjika moyo au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi, chakula, nguvu, umakini na namna anavyojithamini huharibika. Kwa watoto na vijana kuna jambo moja ambalo kila mwalimu anapaswa kulishika: badala ya machozi, ugonjwa unaweza kujitokeza kama hasira na kukereka upesi. Kutolijua jambo hilo ndiko kulikoigharimu shule yetu miezi minne.

Usuli

Zuhura alikuwa na umri wa miaka 15 alipoanza kidato cha pili. Tangu akiwa na miaka minne, wazazi wake walipoachana, alilelewa na bibi yake mzaa baba, aliyeishi dakika kumi kwa miguu kutoka shuleni. Bibi huyo alikuwa muuza vitumbua. Usiku waliloweka mchele, alfajiri wakausaga na kuukoroga kwa tui, hamira, sukari na iliki, na saa kumi na moja chuma cha vitumbua kilikuwa tayari kiko motoni. Mjukuu aligeuza, bibi akauza. Vitumbua vilivyobaki Zuhura alivifunga katika kitambaa akaenda navyo shuleni, na mapumziko ya saa nne yalipofika alivila pamoja na rafiki zake wawili, Mwanaidi na Salma, chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya maktaba.

Naeleza habari za vitumbua kwa kirefu kwa sababu, kama itakavyoonekana, ndivyo vilivyobeba urafiki ule, na ndivyo vilivyosaidia kuurudisha.

Wasichana hao watatu walitoka shule moja ya msingi na walikaa viti vya jirani katika mstari wa pili. Walipoingia sekondari na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili, walipanga utaratibu wao wenyewe: Salma, aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko wenzake, aliwasomea na kuwafasiria maelezo ya kitabu, Mwanaidi aliwafundisha Hisabati, Zuhura aliwaeleza Biolojia. Katika mtihani wa mwisho wa kidato cha kwanza Zuhura alipata wastani wa 67, akawa wa 11 kati ya wanafunzi 58 wa mkondo wake. Kiswahili alipata 78, Biolojia 66, Hisabati 61, Fizikia 58.

Mfuatano wa matukio

Bibi alifariki katikati ya Machi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Matanga yalipoanuliwa, Zuhura alihamia kwa baba yake, upande wa pili wa mji, katika nyumba yenye mama wa kambo na wadogo wawili, safari ya daladala mbili kufika shuleni. Arobaini ya bibi iliangukia ndani ya wiki ya majaribio, na baba, kwa nia njema kabisa, alimwambia asikose mtihani. Hitma ikasomwa, ubwabwa ukaliwa, mjukuu aliyelala chumba kimoja na marehemu kwa miaka 11 akiwa darasani anajibu maswali ya Jiografia. Jambo hili nilikuja kulijua miezi minne baadaye.

Mwezi wa Aprili alianza kubaki darasani wakati wa mapumziko. Rafiki zake walimfuata mara ya kwanza, wakamfuata mara ya pili. Aliwajibu kwa mkato, au alilaza kichwa juu ya meza. Mei, Salma alimwomba bikari kwa ajili ya kazi ya jiometri. Zuhura aliutupa mkebe mzima sakafuni, akasema kwa sauti iliyosikika darasa zima, "Nyie mlikuwa mnapenda vitumbua, hamkunipenda mimi." Baadhi ya wanafunzi walicheka. Salma alihamia kiti cha upande wa pili wa darasa, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusemeshana.

Matokeo ya nusu mwaka yalipotoka, wastani wa Zuhura ulikuwa 43. Hisabati alipata 17, Fizikia 22, Biolojia 39. Kiswahili kilishuka kidogo tu, kutoka 78 hadi 69, na mimi niliyekuwa mwalimu wake wa Kiswahili, nikiiona karatasi yangu peke yake, sikuona sababu ya kushtuka.

Julai mambo yaliharibika zaidi. Katika siku 22 za masomo alichelewa siku 13. Alisinzia darasani. Mwalimu wa zamu alimwandika mchelewaji, mwalimu wa Hisabati alimwita mvivu, na katika daftari la nidhamu aliandikwa "mkaidi, hajibu anapoulizwa". Alichapwa viboko mara mbili, viwili kila mara, na adhabu zikaandikwa kama kanuni za mwaka 2002 zinavyotaka, kanuni ambazo ukomo wake ni viboko vinne. Kwa hiyo utaratibu ulifuatwa, na mtoto mgonjwa akapigwa kwa sababu ya dalili za ugonjwa wake.

Nyumbani pia kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Zuhura aliamka saa tisa usiku na hakuweza kulala tena, kisha usingizi ulimchukua karibu na muda wa kuondoka. Aliacha chakula sahanini. Mama wa kambo aliona ni dharau kwa mapishi yake, na simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemweleza vinginevyo. Shangazi alihisi ni kivuli cha marehemu, akashauri kisomo, na kisomo kikasomwa mara mbili.

Katika wiki ya pili ya Agosti, Mwanaidi alinijia baada ya vipindi. Alitoa shikamoo, akakaa kimya, kisha akatoa mkobani kanga iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa ya bibi yake Zuhura. "Kanipa jana, Mwalimu. Kasema niitunze, yeye hataihitaji tena." Kisha akasema, "Naomba usimwambie nimekuja."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu ombi hilo la Mwanaidi. Kijana anapogawa kitu anachokithamini kuliko vyote, pamoja na maneno kama yale, mshauri hana nafasi ya kusubiri kesho. Nilimwambia Mwanaidi kwamba sitatunza siri inayoweza kumgharimu rafiki yake uhai, kwamba alichofanya si usaliti, na kwamba nitajitahidi jina lake lisiwe la kwanza kutajwa. Nilimwita Zuhura saa ileile, maktaba, mbali na ofisi ya nidhamu ambako tayari alikuwa amezoea kuitwa kwa ubaya.

Nilimuuliza waziwazi. Wapo wanaodhani kwamba kumuuliza mtoto kama anawaza kufa ni kumpandikizia wazo hilo. Mafunzo yote ya afya ya akili niliyoyapata yanasema sivyo, na nilichokiona siku ile kinakubaliana nayo. Nilianza mbali kidogo, nikamwambia nimeona hali yake imebadilika tangu msiba, nikauliza usingizi na chakula, kisha nikasema, "Mwanangu, kuna wakati unaona bora usingekuwa hai?" Alikaa kimya muda mrefu, ndipo akalia kwa mara ya kwanza mbele ya mtu tangu Machi. Alisema wazo hilo lilimjia karibu kila siku kwa wiki tatu. Hakuwa amejiandaa kufanya lolote. Alisema pia kwamba alijiona mzigo kwa kila nyumba anayoingia.

Nilimweleza hapohapo nani nitamwambia, nini nitawaambia na nini sitawaambia: mkuu wa shule na baba yake watajua kwamba ni mgonjwa na kwamba anawaza kufa; maneno yake kuhusu mama wa kambo yatabaki kwangu. Sikumwacha peke yake hata dakika moja hadi baba alipofika. Nilimpa pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto inayopigwa bila malipo, kwa saa ambazo mimi sitapatikana.

Baba alifika akiwa na mafuta ya gereji mikononi. Nilipotaja hospitali aliniangalia kwa hofu, akasema, "Mwalimu, mnataka kumpeleka mwanangu Mirembe?" Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, nasi tulikuwa mbali nayo sana, lakini jina hilo nchini kwetu limekuwa kama hukumu. Nilimjibu kwamba tunakwenda hospitali ya wilaya, kliniki ya kawaida, na tutarudi naye jioni. Hofu yake nyingine, ambayo aliisema baadaye, ilikuwa ya polisi, kwa kuwa sheria yetu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nilimfafanulia kwamba binti hakujaribu chochote, alikuwa na mawazo yanayomtesa, na kwamba kumpeleka mapema ndiyo njia ya kuzuia yasifike huko. Waliondoka wote wawili nami siku ileile.

Hospitalini daktari alimpima kwanza damu, maana mtoto anayesinzia, asiyekula na asiye na nguvu anaweza kuwa na malaria au upungufu wa damu. Malaria haikuonekana. Hemoglobini ilikuwa 9.6, wakati kwa msichana wa umri wake chini ya 12 ni upungufu, hivyo akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Kisha alijaza dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9, lililokwishatafsiriwa kwa Kiswahili, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 27. Alipata 18, yaani sonona iliyo kali kiasi cha kuhitaji tiba na si ushauri wa mazungumzo mafupi tu. Alipangiwa vikao vya kila wiki na mtaalamu wa afya ya akili. Wiki ya tatu, usingizi na chakula vikiwa havijasogea, daktari aliongeza dawa ya fluoxetine, akieleza kwamba huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu na kwamba kwa vijana wiki za mwanzo zinahitaji macho zaidi kwa kuwa mawazo ya kufa yanaweza kuongezeka. Vidonge vilitunzwa na baba.

Uamuzi wa pili ulihusu kubaki shuleni. Baba alitaka kumpeleka kijijini kwa shangazi apumzike hadi Januari. Wazo lilikuwa la huruma, lakini lingemhamisha tena, kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, na kumtenga na watu wachache waliobaki. Tulikubaliana abaki, kwa mzigo mdogo. Kwa mwezi mmoja aliruhusiwa kufika saa tatu bila kuandikwa. Kazi za nyumbani zilipunguzwa. Na daftari la nidhamu lilipitishwa kwangu kabla ya adhabu yoyote kwake. Mwalimu wa nidhamu alipinga, akihofia wengine wataona ni upendeleo. Mkuu wa shule alimjibu kwamba mwanafunzi mwenye mguu uliovunjika asingetakiwa kukimbia mchakamchaka, na mjadala ukaishia hapo.

Uamuzi wa tatu ulihusu Upimaji wa Kitaifa wa kidato cha pili mwezi Novemba. Asiyefaulu hurudia darasa. Tungeweza kumwacha arudie kwa utulivu, lakini kurudia kungemwacha darasa moja nyuma ya Mwanaidi, na huo ndio uzi pekee uliobaki. Tuliamua ajiandae, akijikita katika masomo aliyoweza kuyaokoa, na Hisabati iachwe ifike itakapofika.

Uamuzi wa nne ulikuwa wangu peke yangu, na ulikuwa na kosa ndani yake. Nilimwomba Mwanaidi "amwangalie mwenzake" na kunipa taarifa. Nilidhani namheshimu kwa kumshirikisha. Mtoto wa miaka 15 aliuchukua wajibu huo kwa moyo wake wote. Alikaa naye kila mapumziko, alipokea simu zake usiku kupitia simu ya mama yake, alisikiliza hadithi ileile ya msiba na ya nyumba mpya tena na tena. Mwishoni mwa Septemba alama zake za majaribio zilikuwa zimeporomoka, Hisabati ikiwemo, na mama yake akaja shuleni kuuliza kwa nini binti yake analia usingizini. Siku ileile nilimwondolea kazi hiyo. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba kazi yake ni kuwa rafiki, na kazi ya kuangalia ni yetu watu wazima.

Badala ya mazungumzo tulitafuta kazi ya mikono. Mtaalamu wa hospitali alikuwa amemtaka Zuhura achague jambo moja dogo alilowahi kulipenda na kulifanya kila juma, hata kama hana hamu, kwa kuwa katika sonona hamu mara nyingi hufuata kitendo badala ya kukitangulia. Zuhura alitaja vitumbua, kisha akasema hawezi, chuma kiko kwa shangazi na hataki kukiona. Wiki mbili baadaye alikifuata na baba yake. Mama wa kambo alikaa naye jikoni asubuhi ya Jumamosi, akimwomba amfundishe. Nilipoyasikia hayo nilijua tumepata pa kushika: mwanamke aliyedhani chakula chake kinadharauliwa sasa alikuwa mwanafunzi, na binti aliyejiona mzigo alikuwa na kitu cha kutoa.

Oktoba, kwenye mahafali ya kidato cha nne, kamati ya chakula ilihitaji vitumbua 300. Nilimpa Zuhura kazi hiyo na kumruhusu achague wasaidizi wanne. Alimtaja Mwanaidi na wengine watatu. Walipika tangu saa tisa usiku nyumbani kwa baba yake, na kwa maelezo ya Mwanaidi hakuna aliyezungumzia ugonjwa hata mara moja. Waliongea juu ya moto, juu ya nani anaunguza, juu ya magauni ya wahitimu.

Matokeo

Zuhura aliketi kwa upimaji wa Novemba masomo yote. Januari majibu yalitoka: daraja la tatu, Kiswahili B, Biolojia C, Hisabati F. Aliingia kidato cha tatu na wenzake.

Alama ya dodoso ilishuka hadi 11 katikati ya Oktoba na hadi 6 mwezi Machi uliofuata. Hemoglobini ilipanda hadi 12.1. Mawazo ya kufa yalikoma Septemba, yakarudi kwa siku chache karibu na maadhimisho ya mwaka wa msiba. Safari hii alimwambia baba yake mwenyewe, asubuhi, kabla ya shule. Mwaka huo familia ilisoma hitma upya, na Zuhura ndiye aliyepika.

Urafiki na Mwanaidi uliendelea. Salma hakurudi.

Uchambuzi

Jambo la kwanza ninaloliona nikipanga tarehe zote katika karatasi moja ni kwamba urafiki ulianza kuvunjika Aprili, alama zilishuka mwishoni mwa Mei, na nidhamu ilikuja kutiliwa shaka Julai. Shule ina vyombo vya kupima alama na vya kupima nidhamu, lakini haina chochote kinachopima nani anakula na nani wakati wa mapumziko. Chombo tulichokitegemea kilichelewa, na tulichokosa kilikuwa chini ya mkungu, kinaonekana na kila mwalimu apitaye kwenda maktaba.

Kwa nini urafiki uvunjike kwanza? Sonona humwondolea mtu hamu na nguvu, na urafiki wa ujana unataka vyote viwili kila siku: kucheka, kujibu, kutania, kutokea. Humbadilishia pia macho. Uso wa mwenzake usio na tabasamu anausoma kama chuki, na ukimya anausoma kama kutakiwa aondoke. Zuhura alipofika shuleni mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano, aliamini kweli kwamba kilichopendwa kilikuwa kile kitambaa cha vitumbua. Akajitenga ili asifukuzwe. Wenzake wakaona anaringa, wakarudi nyuma. Kurudi kwao nyuma kukawa ushahidi wa alichoamini. James Coyne, mwanasaikolojia wa Marekani, aliuandika mzunguko wa namna hii mwaka 1976, jinsi mwenendo wa mgonjwa wa sonona unavyowachosha wa karibu naye na uchovu wao unavyomrudia kama kukataliwa. Mzunguko huo hauhitaji mtu mbaya ndani yake, na katika kisa chetu hakuwemo.

Kuhusu masomo, ninaomba walimu wenzangu wazitazame tena zile alama nne. Kiswahili kilishuka kwa alama 9, Fizikia kwa 36, Hisabati kwa 44. Kama tatizo lingekuwa uvivu, lingegawanyika kwa usawa zaidi. Sonona hupunguza umakini na uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wetu wa sekondari anapofungua kitabu cha Fizikia ana kazi mbili, kuelewa Kiingereza na kuelewa Fizikia, na mwenye nusu ya umakini wake huishiwa nguvu kwenye ile ya kwanza. Zaidi ya hayo, Zuhura alikuwa anaivuka lugha hiyo kwa kusaidiwa na Salma, na Hisabati kwa kusaidiwa na Mwanaidi. Alipopoteza marafiki alipoteza walimu wake wawili. Kwake urafiki na ufaulu havikuwa mambo mawili yaliyoathiriwa kila kimoja kwa njia yake. Kimoja kilikuwa kimejengwa juu ya kingine. Ndiyo maana pia Biolojia, somo alilokuwa akiwafundisha wenzake, ilipanda mapema alipoanza kukaa nao tena, ilhali Hisabati, ambayo mada ya leo husimama juu ya ya jana, haikuweza kurudi ndani ya muhula mmoja. Miezi ya Aprili hadi Agosti ilikuwa imeacha mashimo katika aljebra, na fluoxetine haifundishi aljebra. Somo hilo lilihitaji vipindi vya ziada, nasi tulichelewa kuvipanga hadi kidato cha tatu.

Lililofanya kazi zaidi ya yote, kwa maoni yangu, ni kwenda hospitali siku ileile na kubaki shuleni baada yake. La pili ni vitumbua. Nilipowashirikisha wenzangu hili la pili, baadhi walitabasamu, wakaona ni bahati tu. Sikubaliani nao. Kurudisha shughuli yenye maana kidogo kidogo ni sehemu inayojulikana ya tiba ya sonona, na faida ya shughuli ya mikono ni kwamba inawapa marafiki namna ya kuwa pamoja bila kulazimika kusema. Kwa wasichana wawili waliokuwa wamechoshwa na maneno, hilo lilikuwa pumziko.

Kosa langu juu ya Mwanaidi linastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu naona shule nyingi zikilifanya kwa nia njema, hata kulipa jina zuri la klabu ya kusaidiana. Mtafiti Amanda Rose wa Marekani alionyesha mwaka 2002 kwamba marafiki wanaochimbua majonzi pamoja, wakiyarudia bila kuyatafutia njia ya kutoka, hukaribiana zaidi na wakati huohuo huwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Nilimtuma Mwanaidi huko kila usiku. Mpango wa vikundi vya tiba uliojaribiwa kwa vijana katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, na ambao ulileta nafuu hasa kwa wasichana, uliongozwa na watu wazima waliofunzwa. Mimi nilimpa kazi hiyo mtoto ambaye hakufunzwa wala hakuwa na wa kumpokea zamu. Rafiki aweza kuwa wa kwanza kugundua, na ni lazima awe na mlango wa kubisha, lakini akishabisha mzigo ushushwe mabegani mwake palepale.

Kuhusu kisomo na maombi, sikuona sababu ya kuyapinga, na yaliendelea sambamba na kliniki. Kilichotupotezea muda si dua. Ni kila mmoja wetu, nyumbani na shuleni, kutosheka na tafsiri yake. Mvivu, mkaidi, mwenye dharau, mwenye kivuli: majina manne kwa mtoto mmoja, na hakuna kikao kimoja kilichoyaweka mezani pamoja. Tangu mwaka uliofuata walimu wa darasa hukutana nami kila mwisho wa mwezi kwa nusu saa na kutaja wanafunzi ambao wamebadilika, kwa lolote, hata kama ni kuhama kiti tu. Adhabu ya kuchelewa haitolewi tena kabla ya mtoto kuulizwa amelala saa ngapi.

Limebaki suala la Salma. Alitupiwa mkebe mbele ya darasa, akaambiwa urafiki wake ulikuwa wa tumbo, na alipokuja kujua kwamba mwenzake alikuwa mgonjwa aliambiwa tu asimsumbue. Katika miezi yote ile nilikutana na Zuhura mara 19, na Mwanaidi mara nyingi nisizozihesabu. Salma sikumwita hata mara moja. Yeye naye alipoteza marafiki wawili kwa siku moja, na ufaulu wake wa kidato cha pili ulikuwa chini ya ule wa mwaka uliotangulia. Nilimwita alipokuwa kidato cha tatu, nikamweleza kwa ridhaa ya Zuhura kilichokuwa kimetokea. Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa adabu, akaomba ruhusa arudi darasani.